Honi Mbili kwa Mzee Anselm

Jumapili, alasiri. Manyunyu yameanza sasa hivi baada ya joto la kutwa, na milima siioni kabisa, imejifunika mawingu mpaka huku chini Mlali. Kichwa changu nacho kiko hivyo hivyo. Nimekaa barazani na simu, kalamu na tepu ya kupimia niliyoazima kwa fundi seremala, nagawa namba zilezile kwa mara ya tano, nikitegemea jibu litabadilika.

Halibadiliki.

Niandike tangu mwanzo, labda nitaelewa. Jumanne asubuhi, nikielekea mjini na kirikuu yangu, kigari cha mizigo kilichojaa kabichi, nilimgonga Mzee Anselm akiwa kwenye baiskeli yake. Kioo changu cha pembeni, cha kushoto, kilipiga usukani wake. Akaanguka, mguu wa kushoto ukabaki chini ya baiskeli na viroba viwili vya karoti. Umevunjika chini ya goti.

Yuko hai. Anaongea, anatania. Lakini mtu wa miaka sitini na nane anayekula kwa kukanyaga pedali, ukimvunja mguu umemvunja vingi.

Sokoni wameshahukumu, tena mara mbili. Dalali wa vitunguu anasema baiskeli haina leseni, haina bima, haina hata taa, itashinda kesi wapi? Vijana wa bodaboda wanasema chenye injini ndicho chenye kosa, siku zote. "Mama Shani, wewe una breki nne, mzee ana kandambili." Wakacheka. Nikawauliza, kwa hiyo lori likinigonga mimi kesho kosa ni la lori kwa sababu tu ni kubwa? Wakasema ndiyo. Nikawauliza, na nikiligonga mimi? Wakaanza kubishana wenyewe kwa wenyewe, nikawaacha.

Afande wa trafiki habishani. Alikuja na tepu yake, akapima, akachora. Mwendo? Arobaini. Breki? Nzima. Leseni na bima? Hizi hapa. Halafu akaniuliza, "Ulipiga honi?"

"Nilipiga, afande. Mara mbili."

Akaandika. Alhamisi, gari lilipokwisha kukaguliwa, akanisomea: dereva alitoa tahadhari kwa honi, mwendesha baiskeli akaingia upande wa gari. Kesho saa tatu nakwenda kusaini. Nikishasaini, kosa ni la mzee, na kwa maelezo ya afande, bima ya gari langu haitamhusu. Atajitibu mwenyewe, na mguu wake, na karoti zake.

Kila neno pale nililitoa mimi, na honi kweli nilipiga. Ila haikuwa tahadhari.

Ilikuwa shikamoo.

Miezi miwili iliyopita tulikuwa msibani kwa jirani, wanawake tunachambua mchele. Mama Sesilia, mke wa Mzee Anselm, akasema bila kuinua macho, "Siku hizi Mama Shani ana shingo ya chuma. Tangu apate gari anatupita kama miti." Wenzake wakacheka, wakaendelea na mchele wao.

Iliniuma, na bado inaniuma. Gari lile sikuhongwa na mtu wala sikurithi. Nilianza na beseni moja la bamia, la kujitwika kichwani, na miaka kumi na moja sijawahi kulala nikiwa na deni la mkulima. Ningemgeuziaje kila mtu shingo, wakati nimeshika usukani, njia yenyewe mashimo? Lakini kilichonikereketa zaidi ni nani alisema. Tenga langu la kwanza la nyanya lilifika mjini juu ya keria ya Mzee Anselm. Alinibebea miaka mitatu, na siku nilizokosa soko alikuwa ananiambia, "Leo baiskeli ilikuwa inakwenda huko huko, usinihesabie." Watu wa nyumba ile kuniona nina maringo, hapana.

Basi nikajiwekea utaratibu, maana mimi bila utaratibu sifanyi kitu. Honi moja kwa rika langu na wadogo. Honi mbili kwa wakubwa. Pi-pii, hiyo ni shikamoo. Wiki ya pili tu njia nzima ilishajua. Wiki ya tatu Mama Sesilia akaniletea mkungu wa ndizi, hakueleza ni wa nini, nami sikuuliza.

Na Mzee Anselm kila nikimpigia aligeuza kichwa, akainua mkono wa kulia na kusema kitu. Kwenye kioo nilikuwa nauona mdomo wake: marahaba mwanangu. Kila siku, mahali palepale, maana huwa namkuta akishapita kalavati na mimi huwa napiga honi juu ya kalavati.

Jumanne nikapiga. Akageuka. Akainua mkono. Mkono uliobaki haukutosha kwa viroba viwili, gurudumu likaja kulia.

Kwa hiyo?

Leo baada ya adhuhuri nilikwenda hospitali. Nilipotokea tu mlangoni mwa wodi akaniwahi, "Umekuja na honi ngapi leo?" Wagonjwa wa vitanda vya jirani walicheka, nadhani stori walishaimaliza yote.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba mwanangu. Umeona? Hapa hatujagongana."

Nilitaka kucheka, nikashindwa. Nikamuuliza kwa nini aligeuka, na ana mzigo ule. Akanishangaa kama nimeuliza kitu cha ajabu. "Mtoto ananisalimia, nimpe kisogo?" Halafu akashusha sauti akaniambia nisihangaike na polisi. Walishafika kumhoji. Amewaambia baiskeli ilimshinda yeye mwenyewe.

Mama Sesilia alikuwa anamenya chungwa. Hakuniangalia. "Mimi ndiye niliyesema una shingo ya chuma," alisema. "Bora ungebaki nayo."

Sikujua ananilaumu au anajilaumu. Mpaka sasa sijui. Lile chungwa alimpa mumewe nusu, na nusu akaniwekea mimi kiganjani.

Nimerudi nyumbani na hasira, na sijui nimkasirikie nani. Nisingesalimia, nina maringo. Nimesalimia, nimevunja mtu. Yeye asingeitikia, angekuwa amenuna. Mkewe asingesema, nisingepiga honi. Sasa kwenye mchoro wa afande kuna gari, baiskeli, mshale na namba, na hakuna mahali pa kuandika kwamba watu wawili walikuwa wanaheshimiana.

Namba nazo zimekataa kunisaidia. Jana nilirudi pale na tepu. Vipande vya kioo changu bado vipo, nikapima kutoka kalavati: mita kumi na tisa. Mwendo wa arobaini kwa saa ni mita kumi na moja kwa sekunde. Kutoka honi mpaka kugongana ni chini ya sekunde mbili. Leo nimechukua simu inihesabie sekunde, nikajisalimia mwenyewe hapa barazani na kujiitikia, polepole kama wazee, jirani akinichungulia kwenye ua. Shikamoo. Marahaba mwanangu. Sekunde tatu. Nimerudia. Tatu.

Hapo ndipo ninaponasa. Nilimsalimia mtu mzima, nikafika juu yake kabla hajamaliza kuitikia.

Ningepunguza mwendo je? Nilikuwa na haraka gani? Kabichi hazikuwa zinaoza. Nilipiga honi ili nihesabike nimesalimia, mguu ukabaki kwenye mafuta.

Lakini hilo ni kosa la barabarani au ni kosa la namna nyingine? Nikimwambia afande atacheka, au ataandika kosa ni langu na leseni iende. Leseni ikienda, gari linalala, na linalisha nyumba hii yote. Nikinyamaza, uongo wa mzee wa kunilinda na ukweli wangu wa kujilinda vitakaa kwenye faili moja, na mguu utabaki wa kwake peke yake.

Nimeamua kitu kimoja, na hata hicho nimekiamua huku sielewi. Sisaini mpaka afande aandike honi ile ilikuwa ya nini. Aandike nilikuwa namsalimia mzee, akageuka kuniitikia. Kosa ni la nani, wagawe wao. Mimi nimegawa wee nimechoka.

Sasa kuna jambo la saa moja na nusu asubuhi, kabla sijafika kwa afande. Mama Sesilia huwa anasimama karibu na kalavati na kapu la chakula cha hospitali, anasubiri usafiri. Nitamwona kutoka mbali. Nimpigie honi? Nisimpigie?

Nitasimama. Nitazima gari, nishuke, nimsalimie kwa mdomo wangu. Halafu nisubiri aitikie, hata ikizidi sekunde tatu.