Sahani ya Mama Mkwe

Payakumbuh, Jumapili

Kwa mpwa wangu Yusrizal, huko Jakarta,

Mjomba wako ni mzima kama chuma. Juzi nilimnyanyua nyati matopeni kwa mkono mmoja. Shahidi ni nyati mwenyewe.

Ila kuna jambo, usimwambie mama yako. Kwa mila yetu, sisi wanaume tukishaoa ni wageni katika nyumba za wake zetu, na mgeni hajui kinachotiwa chunguni. Tangu Idi, kila nikishiba hapa, rendang ya nyama na nazi sahani tatu na doriani kidogo, saba tu, moyo unanienda mbio kama farasi. Na mama mkwe, Mak Rosma, hachoki: "Ongeza, mwanangu, ongeza!" Kwa nini anionee huruma hivyo?

Jana mchana alipogeuka nikabadilisha sahani zetu. Akala yangu yote, akaenda kulisha bata. Nikala yake, na nyongeza mbili, moyo ukanipiga hadi nikakumbatia nguzo. Akanikuta hapo.

"Darwis, najua umebadilisha sahani. Hiyo sumu gani inayochagua mtu?" akasema. "Marehemu mume wangu alikuwa akishika nguzo hiyohiyo kila akishiba, akidai namroga. Hakwenda hospitali. Tulimzika mwezi wa tatu."

Huyo mama ni mwongo, nadhani. Siogopi kitu, mpwa wangu. Lakini panda basi la kesho uje tuingie sote kwa daktari. Watu wakiuliza, sema umekuja kutafuta mchumba.

Mimi mjombako, simba wa ukoo,
Darwis