Hawala za Mtu Aliyezikwa

Jumamosi, 4 Machi 1967

Nimekata vitambaa vya amerikani tangu asubuhi. Vidole vinauma. Wanawake wanabishana bei na mimi naangalia fimbo ya yadi tu. Mzee Salim, mwenye duka, amesema nikiendelea kuongea na fimbo badala ya wateja tutafunga. Alikuwa anatania. Sikuweza kucheka.

Kwenye sanduku la posta la duka kulikuwa na karatasi yenye jina langu. Kuna hawala ya fedha kutoka Uganda. Sina mtu Uganda. Nitakwenda Jumatatu.

Jumatatu, 6 Machi

Karani wa posta alisoma jina la mtumaji. Wandera. Halafu jina la babu. Nilimwomba asome tena.

Ni baba. Baba tulimzika mwaka 1964.

Shilingi mia moja na ujumbe mfupi. Fundi wa Bumala alipwe kitanda. Salim alipwe mabati. Madeni hayo ni ya kweli, nayajua.

Nilitia sahihi vizuri kabisa. Nje niliegemea baiskeli za watu.

Jumanne, 7 Machi

Sijalala. Naandika yote ili nisichanganyikiwe.

Baba alikwenda kuchimba shaba mbali huko magharibi ya Uganda. Aliacha madeni nyumbani, akasema atayalipa kutoka huko. Mtu wa kwetu akarudi na habari kwamba mgodi umemwangukia. Maiti haikuja. Baba mdogo Mangeni akasema mtu haachwi hewani. Wakang'oa mgomba, mrefu kama mtu, wakaufunga kwa blanketi ya baba, wakauzika mbele ya nyumba. Ndivyo tunavyofanya mtu akipotea mbali.

Siku ya kunyoa, baada ya matanga, waliokuwa wanamdai wakasimama wakataja madeni. Fundi akasamehe. Wengine baba mdogo akawalipa. Aliuza ng'ombe wake. Kisha akamrithi mama, na shamba. Mzee Salim hakuwepo, yeye ni Mwislamu wa mjini, hakuna aliyempelekea habari.

Nilikuwa na miaka kumi na minne. Nilitupa udongo. Nililia mpaka nikatapika. Nililia mgomba.

Nimemwambia senge, dada yake baba, ninayekaa kwake. Alikuwa anapepeta wimbi. Aliacha. "Fedha hizo zisilale ndani ya nyumba yangu," akasema.

Zimelala kwa kuku.

Jumamosi, 11 Machi

Bumala, siku ya soko. Fundi alikuwa anapiga randa. Nilisema yote kwa pumzi moja, ningesita nisingesema. Aliangalia noti. Hakuzigusa.

"Binti, deni hilo nililiachia kaburi. Sasa unataka nilinyang'anye?"

Vijana wake wakacheka. Mmoja akauliza kama huko chini wanalipwa kwa wiki au kwa mwezi. Fundi hakucheka. Aliinuka akafagia mahali niliposimama, nikiwa bado naondoka.

Mama muuza ndizi alikuwa amesikia. Akakataa hata senti zangu mwenyewe. Nimerudi Busia na njaa.

Jumatatu, 13 Machi

Mzee Salim amepokea.

Nilimweleza habari ya kaburi kwanza, nisimdanganye. Alihesabu, akaandika stakabadhi kwa jina la baba. "Mwanangu, mimi sikuzika mgomba. Nilimkopesha mtu mabati, na mtu amelipa."

Nilikwenda stoo nikalia katikati ya majora ya nguo.

Jioni nimeandika barua kwa posta ile alikotumia fedha. "Baba, walikuzika. Fundi amekataa. Wengine walilipwa na baba mdogo, kwa ng'ombe wake." Habari ya mama sikuweza kuiandika.

Alhamisi, 13 Aprili

Hawala ya pili. Kubwa kuliko ile ya kwanza. Maneno machache. Mpe Mangeni fedha ya ng'ombe wake. Yeye ndiye aliyefunga kaburi. Akipokea kwa mkono wake nitakuja nyumbani. Asipopokea, mimi ni maiti.

Nataka aje. Sitaki kitu kingine. Naogopa pia kwamba atakuja.

Jumapili, 16 Aprili

Sigalame, nyumbani kwetu. Nilishuka Funyula nikatembea.

Mgomba uliozikwa ulichipuka mwaka ule ule. Baba mdogo ameukata mara mbili na umerudi. Sasa umepita paa na una mkungu. Watu wamefanya njia mpya ili wasipite chini yake. Majani yake hayajachanika hata moja. Migomba yote mingine imepasuliwa na upepo.

Niliweka bahasha ya fedha mezani. Baba mdogo alikuwa anakula.

"Nani amekupa?"

"Baba."

"Baba yako ni mimi."

Akasukuma sahani. Mama alikuwa mlangoni na mtoto mgongoni, mtoto wa baba mdogo. Nilimngoja aseme kitu. Alimpangusa mtoto mdomo.

Bahasha imebaki mezani. Hakuna aliyeipokea, na hakuna aliyethubutu kunirudishia. Nimeiacha.

Jumatano, 3 Mei

Senge amerudi kutoka Sigalame. Bahasha iko pale pale. Wanakula chini, kwenye mkeka. Meza hawaifuti. Mama akifagia anapita pembeni ya miguu ya meza. Baba mdogo amehamia kwa mke wake mkubwa, analala huko. Senge anasema nimeingiza mtu ndani ya nyumba.

Sijui kama amekosea.

Jumamosi, 20 Mei

Malaba. Barua ya baba ilisema nimngoje kwenye hoteli iliyo karibu na stesheni, upande wetu.

Alikuja kwa miguu kutoka kwenye reli. Ni yeye. Amekonda. Ana kovu kutoka sikioni mpaka kwenye utosi, nywele hazioti hapo. Mkono wake ulikuwa baridi sana. Lakini mvua ilikuwa imenyesha.

Niliagiza chai na mandazi.

Alisema mgodi ulimwangukia kweli. Alikaa hospitali muda mrefu bila kujua jina lake. Alipolikumbuka, alikumbuka na madeni. Aliona aibu kurudi mikono mitupu. Aliuliza walimzika na nini. Nikasema na blanketi. "Ile ya kijivu? Ilikuwa nzuri ile." Aliuliza kama nililia. Nikasema ndiyo. "Pole, mama," akasema. Nilikuwa nimesahau kwamba huniita hivyo, kwa sababu nina jina la mama yake.

Nikamwambia habari ya mama na mtoto. Niliangalia meza nikisema. Alipapasa kovu lake. Kisha akasema hawezi kumlaumu mjane.

Treni ya kwenda Tororo ikapiga honi, akainuka. Alitembea haraka, hakugeuka.

Nikarudisha vyombo mwenyewe. Kikombe kilikuwa kimejaa. Mandazi yalikuwa mawili, na yote mawili yalikuwepo.

Jumapili, 11 Juni

Sigalame. Mkungu umekomaa. Mama ameuangusha kwa panga, mchana, majirani wakiangalia kutoka njia yao mpya. Senge alimsihi asiulete ndani. Akauleta. Akamenya, akapika.

Hakuna aliyesogea. Baba mdogo alisimama mlangoni. Mama akaweka sufuria mezani, kando ya bahasha, akanigeukia mbele ya wote.

"Ulimwona. Alikula?"

Nilijua anachouliza. Kwetu mfu anaweza kutembea, anaweza kuongea. Hali chakula.

Nikasema, "Alikula mandazi mawili, mama. Na chai akamaliza."

Aliniangalia usoni. Nilimwangalia pia, jambo ambalo silifanyi na mtu. Kisha akachukua ndizi, akaitia chumvi, akala. Akala na nyingine. Zilikuwa za moto, zilimtoa machozi.

"Hakuna mtu mle," akasema. "Ni ndizi."

Baba mdogo alikaa kitini. Mtoto alitambaa akashika mguu wake, naye akambeba. Akachukua bahasha kwa mkono uliobaki. Hakuhesabu.

"Alikuwa ng'ombe mzuri yule," akasema. Akatoka na mtoto, wakazunguka nyumba, sikuwaona tena mpaka jioni.

Mama ameiosha meza.

Jumatatu, 12 Juni

Dukani. Amerikani, kaniki, amerikani. Mzee Salim anasema leo nimeongea na wateja wawili.

Nimemwandikia baba kwamba Mangeni amepokea. Nimemwambia aje Jumamosi ya mwisho wa mwezi, nitamngoja hoteli ile ile, tuje nyumbani pamoja. Mama amesema hivyo hivyo.

Nitatangulia asubuhi. Nitabeba ugali na samaki. Hatutaondoka mezani mpaka ale.