Pombe ya Mama Iko Rondo

Kaka yangu Alois, popote ulipo ng'ambo ya Ruvuma,

Nimeipata. Naanza na hilo kwa sababu nakujua, barua ndefu huna subira nayo, utasoma mistari miwili halafu uikunje uweke mfukoni. Basi mistari miwili yenyewe ndiyo hii: pombe ya mama nimeipata, iko Rondo, na nimeinywa kwa kinywa changu. Ukitaka kuikunja sasa, ikunje tuone.

Naandika waziwazi kwa kuwa namba yako haipatikani siku nyingi. Barua hii nimempa kila dereva ninayemfahamu anayevuka kwenda Msumbiji, na wao wameirusha kwenye makundi yao ya simu. Kwa hiyo wewe unayesoma na si Alois, utusamehe, haya ni mambo ya mtu na mdogo wake. Lakini ukimwona mwanamume mrefu mwenye pengo la mbele, anayekunywa polepole huku amenuna kama hakimu, huyo ndiye. Msomee.

Kaka, unalikumbuka Fuso la bluu? Wewe umebeba ufuta na korosho za watu, mimi nimekaa pembeni yako na belo la mitumba miguuni, tunafuata minada kuanzia Kilwa mpaka huku Lindi. Watu walidhani tunazunguka kutafuta riziki. Riziki tuliitafuta, sikatai, lakini tukiingia kijiji kigeni na gari likishalala, swali lako la kwanza lilikuwa moja tu: hapa pombe nzuri iko kwa nani? Na hukumuuliza kila mtu. Ulinifundisha kwamba mlevi haulizwi, kwa sababu mlevi kila pombe kwake ni nzuri. Ulikuwa unamtafuta mama mwenye mambo yake, fundi uashi, katekista, mtu anayekunywa kidogo na kurudi nyumbani akiwa anajua njia.

Halafu kuku. Mungu wangu, wewe na kuku. Ulikuwa unasimama nje ya uwanja wa mtu unakagua kuku kama bwana mifugo. Kuku wakiwa wanene, ulisema, ujue mwenye nyumba anapika mara kwa mara na machicha ya pombe anawamwagia wao, na anayepika mara kwa mara haachi pombe ikachacha ndani. Kuku wakiwa wamekonda tunapita moja kwa moja. Mara ngapi nimeona aibu kukaa kwenye geti la mtu tunatathmini mitetea yake, naye anatuchungulia dirishani akidhani ni wezi! Lakini ulikuwa unapatia, lazima niseme ukweli.

Na somo la tatu lilikuwa la mama mwenyewe: mpishi asiyeanza kunywa mbele ya mgeni wake, ondoka kwake bila kuaga. Achote, anywe yeye kwanza, moyo wa mgeni utulie, ndipo ampe. Mama alifanya hivyo hata kwetu sisi aliotuzaa.

Kilwa Masoko unaikumbuka? Pale ambapo hatukumjua mtu, ukaona aibu kuuliza habari za pombe kwa watu waliotoka kuswali. Nikakwambia niachie mimi. Nikaenda kwa Mzee Seifu, yule muuza supu ya pweza, nikamwamkia shikamoo, akaitikia marahaba, nikamweleza shida yetu kwa kuzungukazunguka. Nilitegemea anifukuze. Akakoroga sufuria yake, akasema yeye tangu azaliwe hajaionja, alhamdulillahi, lakini asubuhi wanywaji wote hupita kwake kwa supu, na nyuso zao anazisoma. Waliokunywa kwingine wanakuja wameshika vichwa. Waliotoka Kiranjeranje wanakuja wanacheka. Nenda Kiranjeranje, mwanangu, akasema, ila kunywa kwa adabu.

Tukaenda, na hakutudanganya. Pombe ya mtama nyekundu, nzito, baridi ndani ya mtungi, na kuku wa yule mama wamenona mpaka wanatembea kwa kuyumba. Mimi nilikuwa tayari kuhamia pale. Wewe ukainywa yote, ukafuta mdomo, ukatoa ile hukumu yako: "Nzuri. Lakini siyo."

Kila mahali ilikuwa hivyo. Uraka wa mabibo msimu wa korosho, umetoka kukamuliwa, mtamu unauma ulimi, nzuri lakini siyo. Tembo la mnazi la kule pwani, nzuri lakini siyo. Wakati ule mama yuko hai, tulikuwa tunacheka. Tunarudi nyumbani Milola, tunamkuta jikoni, anachota kwa kata yake ya kifuu, anaanza yeye, anakupa wewe kwanza kwa kuwa ni mkubwa, halafu anauliza, "Hao wengine wamenishinda?" Unamrudishia kata tupu akujazie tena. Basi mama alikuwa anafurahi siku nzima, anaimba mpaka majirani wanauliza kuna nini.

Kisha akafa, na kicheko kikaisha.

Siku ya matanga pombe ilitoka kwa jirani. Uliionja, ukaiweka chini, ukaniangalia. Nilijua utasema nini na bado iliniuma. "Fotu, hapa hakuna tena cha kunirudisha," ulisema. "Siku ukiipata pombe ya mama, niite." Mwezi huohuo ukauza Fuso ukavuka mto. Mwanzoni ulipiga simu. Baadaye kimya, kimya, mpaka nikawa namuuliza kila dereva kama nauliza habari za marehemu.

Mimi nilijaribu kuipika, usidhani nilikaa tu. Mtama ninao, mtungi wa mama ninao. Nikaloweka, nikaotesha chini ya gunia, ukachipua vizuri, nikauanika juani kwenye mkeka kama wanavyofanya wanawake wote wa Milola, nikasaga kimea, nikapika. Ikatoka pombe ya watu wote. Nikabadilisha mtama, nikabadilisha maji, nikabadilisha kuni, nikatukana kidogo, Mungu anisamehe. Ikatoka ileile. Majirani wakasema tamu. Nikawaambia nzuri, lakini siyo. Wakanishangaa.

Sasa sikiliza nilivyofika Rondo, maana si akili zangu, ni belo. Nilinunua belo limefungwa, nikaambiwa ni mashati ya watoto. Nikalifungua hapa uwanjani: masweta. Masweta matupu, kaka, ya sufu, mengine yana kofia. Nani Lindi avae sweta la sufu, na jua hili? Nikakaa chini nikacheka, kisha nikalia, kisha dereva mmoja wa bodaboda akaniambia mama, peleka Rondo, kule juu asubuhi watu wanatetemeka kwa baridi. Nikamwambia ulikuwa wapi siku zote.

Tulipanda na furushi nyuma. Ile njia uliyokuwa unaikwepa ukisema inakula matairi, bado inakula. Lakini juu kule, kaka! Ukungu umekaa chini kwenye miti, udongo umelowa, watu wanavuta moshi wa jikoni mpaka saa za mchana. Masweta yalinitoka mikononi kama maandazi. Nikajikuta nimemaliza mapema, sina kazi, koo limekauka. Nikafanya ulivyonifundisha. Nikamwona mwanamke aliyenunua masweta mawili bila kupunguziwa, nikasema huyu ana akili zake, nikamuuliza. Akanielekeza nyumba ya bibi mmoja nyuma ya mahindi.

Nikafika. Hakuna kuku.

Hata mmoja. Si mnene si mwembamba, hakuna unyoya. Nikasimama pale pale tulipokuwa tunasimama mimi na wewe, nikasema Alois angeshageuza gari. Kaka, niligeuka. Nakwambia nilishapiga hatua. Ila yule bibi alikuwa ameniona, akaniita karibu, na mimi nitamkimbiaje mtu mzima aliyenikaribisha? Nikarudi, nikamwamkia, akanivuta ndani jikoni kwa sababu nje kulikuwa na baridi.

Niliinua macho tu, nikaiona. Juu ya mafiga, kwenye uchaga, ndani ya moshi, kimea kimetandazwa kama cha mama.

Unakumbuka uchaga wa mama? Unakumbuka majirani walivyomtania, Mama Alois anabanika mtama kama samaki? Na sisi tulijua sababu, au tulidhani tunajua: anamficha kimea yule jogoo wetu mwekundu, mwizi mkubwa, aliyefukuzwa kwa mwiko mpaka kanisani. Mama hakuwa mtu wa kueleza. Ukimuuliza jambo anakwambia angalia. Tukaangalia, tukaona jogoo, tukaridhika. Alipokufa jogoo, mimi nikaona uchaga hauna kazi tena, nikautoa nikaufanya kuni.

Sasa niko kwa bibi, kimea kiko juu, na uwanja mzima hauna kuku. Nikauliza.

"Bibi, kimea umekiweka juu unamficha nani, na kuku huna?"

Akacheka mpaka akakohoa. Kuku wake wote walikufa kwa ugonjwa wa kideri, akasema, mwaka huu hana hata wa dawa. "Simfichi mtu, mjukuu wangu. Nakipa moshi. Jua letu huku ni la kuomba, ukikianika nje kinaota ukungu. Tangu bibi zetu tunakausha hivi."

Akachota. Akaanza yeye, taratibu, akinitazama machoni. Akanipa.

Sijui nikuandikieje. Unajua pale mwanzoni inapokuwa tamu, halafu unakuja ule uchungu mdogo, halafu nyuma kabisa, ukishameza, ile harufu ambayo hatukuwahi kuipa jina? Ni moshi, kaka. Ni moshi wa jikoni kwa mama, hamna kingine. Nililia mbele ya mtu nisiyemjua na kata nimeishika. Bibi akasubiri nimalize, ndipo nikamweleza habari ya mama na habari yako, na jinsi tulivyozunguka kutafuta. Akauliza mama alikuwa mtoto wa wapi. Nikamwambia wa huku huku Rondo, aliolewa akashuka Milola akiwa msichana, ndugu zake wakaisha, hakupanda tena.

Bibi akanitazama kama unavyomtazama mtu aliyevaa miwani huku anaitafuta. "Basi nyie mlikuwa mnaitafuta wapi?"

Wapi, Alois? Kilwa yote. Pwani yote. Kila penye kuku.

Nilishuka na kibaba cha kimea nilichopewa bure, na furaha iliyonitia wazimu, maana yule wa bodaboda alinisikiliza njia nzima mpaka mwisho akaniomba ninyamaze aone barabara. Nimejenga uchaga upya. Nimekausha mtama wangu mwenyewe juu ya moto, nikilala macho nikiogopa usiungue. Nimesaga, nimepika, nimechuja. Jana ilipoanza kutoa mapovu, mzee wa nyumba ya pili alikuja kwenye uzio akasimama, akanusa, akavua kofia. Akaondoka.

Sasa nikwambie kinachonisumbua, maana furaha hii ina doa. Nimeionja mara nyingi mno. Mara ya kwanza nilisema ndiyo. Ya pili, ndiyo. Lakini mimi ninaitaka sana iwe ndiyo, na ulimi wenye hamu hauaminiki. Labda nimeipata. Labda nimepata moshi tu na nimejaza mwenyewe yaliyobaki kwa kumtamani mama. Hapa Milola nzima hakuna wa kuniambia. Kila mtu anasema tamu, na tamu sikuitafuta. Aliyekuwa anapewa kata ya kwanza ni wewe. Bila ulimi wako, mimi nitakufa sijui kama nimeipata au nimejidanganya, na wewe utazeeka huko ukidhani nyumbani hakuna kilichobaki.

Sijui uko katika hali gani. Kama una mke, mlete. Kama una madeni, njoo nayo. Kama unaumwa, nitumie mtu aniambie, mimi nitavuka na galoni begani, sijali watakachoniuliza mpakani pale daraja la Umoja. Kama una hasira na mimi kwa jambo nisilolijua, njoo na hasira zako, nitakupikia ugali tukiwa tumenuna.

Ulisema nikiipata nikuite. Haya, nimekuita. Mtungi uko pale pale nyuma ya mlango. Huu wa leo hautakungoja, unajua pombe haingoji mtu, ila nitakuwa napika kila wiki mpaka utakapofika. Siku hiyo nitachota, nitaanza mimi kunywa ili moyo wako utulie, kisha nitakupa wewe kwanza kwa kuwa ni mkubwa. Na kama baada ya mto wote huo, na barabara yote hiyo, utafuta mdomo na kusema siyo, basi sema siyo. Lakini njoo uisemee hapa jikoni.

Ni mimi mdogo wako wa tumbo moja,
Fotu