Skolastika Mawinguni

Jumatatu, 4 Novemba

Maporomoko ya maji tena. Kwaya moja ya Titye, kava la DVD. Maji nyuma, njiwa juu, simba pembeni, waimbaji wamepangwa mbele kama mafungu ya nyanya gulioni, maandishi ya njano yenye kivuli. Nikiwawekea kitu kingine wananiuliza kwa upole, "Mama Shabani, maji yako wapi?" Maji! Hayo maporomoko hata si ya Kigoma. Nimeyakuta kwenye kompyuta ya duka hili siku nilipoanza kazi, na naona yatanizika.

Huku DVD bado inakwenda. Flashi haina sura, na sokoni mtu ananunua kwa macho. Maji na njiwa, hiyo kwaya. Gari na miwani, bongo fleva. Ngoma na ngozi ya mnyama, nyimbo za asili. Kwetu Tanga kaswida nayo ina yake, kijani na mnara wa msikiti. Zote natengeneza. Mimi Mwislamu, mke wa bwana shamba, nimeletwa Kasulu na uhamisho wa mume wangu, na hapa mjini sidhani kama kuna mtu aliyepanga malaika wengi kunizidi.

Mchana amekuja Mzee Filimoni, katibu wa kwaya ya huko Busunzu. Kaniachia flashi. Uzinduzi wao ni Jumapili ya wiki ijayo, Kibondo mjini. Nyimbo zake nimeziweka masikioni huku nakusanya vitu vyangu niende nyumbani. Nikakaa tena. Kuna mwanamke humo ndani anayeongoza. Hana haraka. Anaingia kwenye wimbo kama mtu anayefungua mlango wa chumba alicholala mtoto. Nimeurudia wimbo wa kwanza mpaka Baba Shabani akapiga simu kuuliza kama leo tunakula au hatuli.

Jumatano, 6 Novemba

Busunzu, kupiga picha.

Anaitwa Skolastika. Nilitegemea mtu wa madaha. Kumbe kadada kafupi, katoka kupanda maharage, tope mpaka kwenye magoti, kavaa joho jeupe la kwaya juu ya nguo za shamba. Kanisalimia kwa Kiha, "Mwakeye." Nikajibu vibaya. Akacheka mbele yangu, hakunificha.

Kwaya yote nimeipiga, safu tatu. Halafu nikamwomba yeye peke yake. "Peke yangu? Nimekosa nini?" Wenzake wakamsukuma. Kapanda juu ya kichuguu, mimi nimechuchumaa chini. Nyuma yake mawingu ya Novemba, meupe, yametuna. Kafumba macho, kaimba. Nilisahau kubonyeza kamera. Mara mbili nilisahau. Nimempenda yule mwanamke, naandika wazi.

Mama yake yuko Munanila, kule mpakani na Burundi. Ndiye aliyemfundisha, wakipalilia pamoja, mmoja anaanza mwingine anaitikia kutoka mwisho wa tuta. Sasa ana presha, hasafiri. "Ndiyo maana naitaka hii DVD," kasema. "Yeye haji kwangu. Basi sauti iende."

Ijumaa, 8 Novemba

Nimefanya. Hakuna maji. Hakuna njiwa, hakuna simba, hakuna safu. Skolastika peke yake, joho jeupe, macho kafumba, mawingu tu kila upande. Chini kabisa jina la kwaya kwa herufi nyembamba, rangi ya majivu. Basi.

Ni kazi nzuri kuliko zote nilizowahi kufanya. Nimeiangalia nikasikia baridi mikononi. Kwetu msoma kaswida ukimweka juu mawinguni umempa heshima yake, na huyu heshima anastahili.

Mzee Filimoni kapiga simu, anataka aione kabla ya kuchapwa. Nimemwambia ataiona ikitoka. Akasema sawa, mama, wewe ndiye msomi wa mambo hayo. Nikivumilia kila katibu atie mkono nitarudi kulekule kwenye maporomoko.

Jumanne, 12 Novemba

Makava yametoka, na mabango. Fundi wa uchapaji ni mtu wa kelele, redio yake husikika mpaka stendi. Leo kaizima. Kanikabidhi mzigo kwa mikono miwili, hakunitania hata kidogo. Nikasema hee, kumbe kazi nzuri humtuliza mtu.

Nimepeleka mabango stendi mwenyewe. Basi la Kibondo, gari la Buhigwe, kila upande. Bango la Munanila nimeliandika jina la mama yake Skolastika, nikalifunga pamoja na DVD moja, libandikwe karibu na kwao alione. Kondakta kalitazama, kavua kofia. Nimerudi dukani natembea kama bibi harusi.

Alhamisi, 14 Novemba

Nimemuua mtu. Yuko hai, lakini nimemuua.

Asubuhi kapiga Mzee Filimoni. Sauti ya mtu aliyekaa chini. "Mama Shabani, watu wanaleta kuni." Kuni za nini? "Za msiba." Nani kafariki? "Wewe ndiye uliyetangaza."

Ndipo akanieleza, polepole, kama unavyomweleza mgeni choo kiliko. Huku mwimbaji akifariki, kwaya inamweka kwenye kava peke yake, nguo nyeupe, juu mawinguni. Walio hai wanasimama chini, kwa safu, penye maji. Kila mtu anajua. Watoto wanajua. Fundi wa uchapaji alijua, akafikiri nami najua. Kofia ya kondakta! Yarabi, ile kofia. Na mimi natembea kama bibi harusi.

Skolastika akachukua simu. Anacheka. Jirani kamkuta kisimani, kaangusha ndoo kakimbia. Watu wamemletea mchele wa rambirambi na kaupokea, "ningewarudishiaje, wamebeba kutoka mbali." Nikacheka naye, mjinga mimi. Halafu akauliza, "Bango limefika mpaka wapi?"

Nikamwambia. Munanila.

Hakucheka tena. Simu ya mama yake haipatikani. Ya jirani haipatikani. Mvua imeangusha mtandao upande wote ule. Amesema atapanda gari la kwanza kesho. Nimesema tunakwenda wote. Nimeacha chakula. Naona haya mpaka kwenye mifupa. Mungu ampe yule mama moyo mgumu kwa siku moja tu.

Ijumaa, 15 Novemba

Niandike yote kabla sijaanza kuyapamba.

Skolastika kashuka Kasulu asubuhi. Stendi watu wamempisha, mama mmoja wa ndizi kapiga yowe. Yeye kamwamkia, kapita. Hakunigombeza. Ningekuwa mimi ningezaba kofi kwanza ndipo tuongee. Njia nzima kwenye pikipiki zetu mbili, tope linaruka, kila tukisimama ananiuliza mimi kama nimechoka. Nikamwambia nisamehe. Akasema, "Tufike kwanza."

Karibu na kwao kawasimamisha vijana wa pikipiki bondeni, chini ya migomba. Tumesikia vilio. Turubai limefungwa, moshi unapanda, msiba kamili. Mimi nikataka kukimbia nipige kelele kwamba yu hai. Kanishika mkono. "Nikitokea tu mlangoni, mama atakufa kweli. Itangulie sauti. Hiyo kaizoea."

Akaimba, palepale kwenye tope. Wimbo wa kwanza wa DVD.

Hakuna aliyegeuka. Hakuna! Kumbe tangu jana wanaipiga DVD hiyohiyo kwenye spika, wamemsikia mpaka wamemzoea. Naona kupitia majani, mzee mmoja kaenda kupunguza sauti. Kainama. Kashika waya. Kaushika tena. Spika ilikuwa imezimwa. Kanyooka, mikono kichwani.

Hapo Skolastika akaacha maneno ya DVD. Sauti ileile, lakini akatia maneno yake, kwa Kiha, ambacho mimi nakielewa nusu nusu. Baadaye kanifasiria. Mama, mvua inakuja. Nani kafunga mbuzi? Nani kaanua maharage uani?

Kilio cha ndani kikakatika. Kisha cha nje. Nikasikia jogoo.

Mama akatoka. Mrefu, mkavu, kitenge kiunoni. Hakukimbia. Kasimama uani, kichwa kimeinama upande mmoja, anasikiliza. Nikamwona anaweka mkono kifuani, nikasema sasa, sasa anaanguka. Akafungua mdomo akaitikia. Sauti imekwaruza kwa kulia siku nzima, lakini iliingia mahali pake, pale pale inapotakiwa. Mbuzi nimefunga. Maharage yamelowa.

Skolastika akatoka kwenye migomba. Taratibu, bado anaimba, anapanda kilima kuelekea uani. Wanawake wengine walikimbia nyuma ya nyumba. Mama hakusogea. Binti alipofika, mama alimpapasa uso, masikio, shingo, kama anayechagua kitu sokoni. Ndipo akaanza kumpiga mgongoni kwa viganja, paa, paa, analia, anamgombeza kwa kuja na miguu michafu.

Mimi nimelia mpaka kijana wa pikipiki kanipa koti lake.

Wakauliza nani kafanya jambo hili. Nikajua leo nachapwa. Skolastika akanivuta mbele yao. "Huyu ndiye aliyenipeleka mbinguni. Mpeni ugali, tangu jana hajala." Kisha yule mzee wa spika akaanza kucheka, nao wakafuata. Chakula cha msiba kililiwa chote. Mama yake kaniwekea nyama yeye mwenyewe, lakini hakuniangalia. Ana haki.

Sijawahi kuona mtu kama Skolastika. Nilimpiga picha nikidhani nimemwona.

Jumapili, 17 Novemba

Uzinduzi Kibondo. Watu wamefurika, nusu wamekuja kumwona aliyefufuka. Wamemgusa mkono mpaka kavaa soksi mikononi, kwa utani. Kwaya imeimba vizuri, hakuna aliyesikiliza mpaka alipoingia yeye. Mzee Filimoni kanikaribisha kiti cha mbele. Hajanilaumu. Bora angenilaumu.

Nimemwahidi makava mapya bure. "Yenye maji?" Yenye maji, mzee.

Jumatano, 20 Novemba

Mvua tangu asubuhi. Duka halina mtu. Skolastika kapita akitoka Munanila, kaenda tena, safari hii na mchele ule wa rambirambi. Mama hajambo, presha imeshuka. Bango langu halikutolewa. Limehamishiwa ndani, juu ya kitanda. Kasema picha ni nzuri, walioisoma vibaya ni wengine. Nimemwomba ayarudie hayo maneno.

Nimemwonyesha kava jipya. Safu tatu, njiwa, simba, njano yenye kivuli. Yeye yuko safu ya mbele, katikati ya wenzake, miguu ardhini. Kalitazama muda mrefu.

Kisha kaomba moja la yale ya zamani. Kalifuta kwa upindo wa kitenge, kalitia mfukoni. "Nimependeza humu. Siku yangu ikifika msihangaike kutafuta picha nyingine."

Nikajifanya nashughulika na kompyuta. Yeye akavuta kiti karibu, akaniegemea bega, akaelekeza kidole kwenye kioo. Hayo maji, kaniuliza, hayawezi kuongezwa kidogo?

Nimeyaongeza.