Chumba Chako Kimefungwa, Dada

Ni mwaka mzima sasa tangu utuache, Dada, na tulitaka kukuandikia maneno matamu kama familia nyingine zinavyofanya. Tumeshindwa. Nyumbani watu wamevimba kwa hasira, na kazi ya kuandika nimeachiwa mimi, mdogo wako, kitinda mimba, kwa sababu Baba kila akishika kalamu anaandika mambo ambayo gazeti haliwezi kuyachapa.

Tuanze na mazuri. Mama amesema bila hayo jina lake lisitokee hapa.

Ulikuwa mwalimu wa darasa la kwanza na mharibifu wa vyombo vya watu. Pasi ya Mama uliifungua. Redio ya Baba uliifungua huku inasoma taarifa ya habari. Ulikuwa unakula umesimama, unacheka kwa pua, na mtoto akikuuliza swali ulichuchumaa kwanza ndipo ukajibu, hata siku ile ya harusi yako, shela likaburuzika kwenye tope na shemeji akajifanya haoni.

Halafu ukachaguliwa kuingia kwenye ule Ushirika wa kimataifa, watu wa nchi mbalimbali na kazi mbalimbali, wote wakitafuta namna ya kuwasaidia watoto wajifunze vizuri zaidi. Tulikutania sana. Daktari wa masikio, mchora majengo, mpiga ngoma, profesa wa wadudu, na wewe. Baba aliuliza, "Hiyo ni kazi au ni msafara wa sarakasi?" Lakini ukawaleta shuleni kwako, na utani ukaisha. Daktari aligundua kwamba feni ikiwaka watoto wa nyuma hawasikii kitu. Mchora majengo alikata miguu ya meza zilizokuwa zinawafika watoto kidevuni. Mpiga ngoma alifundisha silabi kwa kupiga ndoo. Profesa, yule tuliyemwita Bwana Sisimizi, alilala kifudifudi sakafuni na watoto mpaka shati likawa rangi ya sakafu.

Hapo ndipo kikazaliwa chumba chako, kile cha mwisho karibu na bomba. Rafu alizipigilia shemeji. Vitu vibovu mlivitoa majumbani mwa watu: saa, kufuli, redio, cherehani isiyo na gurudumu. Watoto walifungua, wakachora walichokiona ndani, wakaandika majina yake. Na sheria ilikuwa moja tu, uliisema mpaka ikatuchosha: kitu kisichoruhusiwa kuharibika kisiingie humu. Binti yako, ambaye vitabu vilikuwa vinamliza, neno lake la kwanza alilisoma kwenye tumbo la redio.

Moyo wako ukasimama ghafla, wiki ya mitihani. Hilo hatumlaumu mtu, ingawa tumejaribu.

Linalotukera ni lililofuata. Wenzako wa Ushirika walikulilia kweli, tuliwaona. Wakataka kukuenzi. Wakatuma zulia la rangi ya maziwa, picha yako kubwa kama mlango, na kabati la vioo. Bisbisi zako zikapangwa humo kwa urefu, redio ikafungwa vizuri, ikafutwa vumbi, na kibao mbele: USIGUSE. Mwalimu Mkuu akaona vitu ni vya thamani, akatia kufuli mlangoni. Sasa chumba kinafunguliwa wakija wageni tu. Watoto wa darasa la kwanza wanachungulia dirishani, pua zimebandikwa kwenye kioo.

Binti yako alifanikiwa kuingia siku moja nyuma ya wageni. Akaweka mkono kwenye kabati. Mwalimu wa zamu akamwambia, "Toa mkono, hivyo ni vya marehemu."

Akajibu, "Marehemu ni mama yangu."

Akatolewa nje vilevile. Tangu siku hiyo hasomi kwa sauti, si shuleni, si nyumbani. Kitabu ukimpa anakurudishia kwa adabu, na adabu hiyo ndiyo inayotutisha.

Mama alikwenda. Unamjua Mama, alivaa viatu vya kanisani kabisa. Mwalimu Mkuu akamwambia, "Mama, sisi tunatunza heshima yake."

"Heshima yake ilikuwa na grisi kwenye kucha," Mama akasema. "Hii uliyoitunza ni ya nani?"

Akaambiwa suala liko kwa wafadhili, yaani Ushirika wako. Tukampigia simu Bwana Sisimizi. Akasema kwa huzuni kwamba walitaka tu watu wakuone, na kwamba chumba ni cha shule, uamuzi uko kwa shule. Baba akachukua simu. "Profesa, mwanangu alikuwa haonekani wapi? Alikuwa anasikika mpaka sokoni." Kisha akakata simu.

Jumamosi hii kuna hafla ya kukukumbuka. Tumealikwa tukate utepe. Tulijibu kwamba tutakata, kabati likifunguliwa na watoto wakirudishwa ndani. Hatujajibiwa.

Kwa hiyo, Dada, utepe wamtafutie mtu mwingine. Sisi tutakuwa hapohapo nje ya mlango wako, kwenye korido, sakafuni, kuanzia asubuhi. Shemeji ameazima bisbisi kwa mafundi wenzake. Majirani wametoa pasi, feni na saa ya ukutani. Mtoto yeyote akifika atapewa kitu afungue. Wageni wana ruhusa ya kupita, ila waangalie wanapokanyaga, na Mwalimu Mkuu akitaka njia tutamsogezea skrubu na kumwonyesha pa kukaa. Jumatatu tutarudi. Na Jumanne.

Unakumbukwa na Mama na Baba, na mume wako, na mimi niliyekuwa nakushikia tochi ukifungua vitu, na binti yako. Yeye nimemsomea haya yote kabla ya kuyapeleka. Akachukua karatasi, akasoma neno moja mwenyewe, kwa sauti, polepole: USIGUSE. Akasema hilo lifutwe kule kwenye kibao.

Hutatutoka moyoni kamwe, Dada.