Mistari Miwili Iliyopinda

Rachita Veche,
Moldova.
23 Aprili 2026

Mpendwa mdogo wangu Tecla,

Naomba barua hii ikukute mzima, na mgongo wako uwe umepumzika kidogo. Bibi Ornella unayemtunza anaendeleaje na magoti yake? Bado anakuamsha alfajiri umchemshie kahawa, halafu anakuapia kwamba hakuomba kahawa? Nakuhurumia, mdogo wangu. Mpe salamu zangu, na umwambie kule Moldova kuna mtu anayemjua bila kumwona.

Sisi huku hatujambo, kwa maana ya kwamba hakuna aliyelazwa. Shemeji yako Ilarion anakohoa tangu Februari na hataki kusikia habari ya daktari. Mimi bega la kulia limegoma. Nachoka, Tecla. Si ule uchovu wa kulala ukaamka umepona, ni ule wa kuamka nao na kuuvalisha viatu.

Baridi ilipita bila theluji ya maana, na Machi yote ulivuma upepo mkavu. Kisima kimeshuka hadi ndoo inagonga mawe chini. Bata watatu wamechukuliwa na mbweha. Mzee Mitrofan, jirani yetu, bado yupo, bado mjane, na bado anapita kila siku ukutani kuangalia ninachokosea.

Pasaka tuliila vizuri. Nilipaka nyumba chokaa, nikaoka mikate sita, mayai mekundu nikachemsha arobaini, utadhani wana wa nyumba hii wote wamerudi. Jumatatu iliyopita, Pasaka ya Marehemu, tulikwenda makaburini kwa Mama. Nilitandika kitambaa chake cha maua juu ya kaburi, nikagawa mikate na vikombe kwa ajili ya roho yake, na nusu niligawa kwa jina lako. Msalaba wake ni ule ule wa mbao mpaka mwaka utimie. Hakuna aliyeuliza kwa nini hukuja. Hapa kila nyumba ina mtu wake anayefanya kazi Italia, kama wewe huko Padova.

Sasa nifike kwenye jambo lililonifanya nishike kalamu. Kwenye simu nakuona uso, na nikikuona uso naanza kudanganya. Siku ya Pasaka uliniuliza mara tatu kitunguu saumu cha Mama kinaendeleaje, nami nikakujibu mara tatu kwamba kipo. Kipo, Tecla, lakini si kama ulivyoelewa.

Unakumbuka maneno yake ya mwisho ya maana, kabla hajaanza kutuita kwa majina ya dada zake. Alisema, "Nyumba mtajua wenyewe. Kitunguu changu msikipoteze." Ile mbegu alikuja nayo akiwa bibi harusi, imefungwa kwenye pembe ya kitambaa, na tangu siku hiyo hakuwahi kununua punje hata moja ya kupanda. Wengine wote kijijini wameiacha. Sokoni sasa kinauzwa kile cheupe kikubwa kisicho na ukali wala harufu, ukikitwanga kwa ajili ya ugali unakuwa kama umetwanga kiazi kibichi. Mbegu ya Mama ilibaki kwenye tuta letu moja, basi. Mwingine aliyekuwa nayo ni Mitrofan, naye aliila yote ule mwaka alioacha kuvuta sigara.

Oktoba, baada ya mazishi, tulipanda pamoja mistari kumi. Minane yangu, miwili yako. Ulipanda polepole, unachimba kila shimo kama unamzika mtu, na mistari yako ikapinda kuelekea kwenye mti wa jozi. Ulikuwa unalia. Nilikutazama nikasema moyoni: huyu amekuja kulia, mimi ndiye nitakayebaki kupalilia. Nakwambia leo kwa sababu nimechoka kulibeba.

Majani yalitoka Machi mapema, ukubwa wa kidole, halafu yakasimama. Ncha zikageuka njano. Ulikuwa wakati wa kulisha, na unajua Mama alivyolisha: kinyesi cha kuku kikae kwenye pipa juma zima, kisha kata moja tu kwenye ndoo nzima ya maji. Na kabla ya hapo, udongo unyweshwe maji matupu mpaka ulowe. Baada ya hapo, maji tena, ya kuosha majani. Alikuwa akitupigia kelele kutoka dirishani, "Maji kwanza, nyie watoto! Maji kwanza!"

Pipa nililiandaa mapema. Nilichokosa ni mwili. Kila siku nilisema kesho. Ilarion alikuwa kitandani, mbuzi alikuwa anazaa, halafu Juma Kuu likaingia na chokaa yake na mazulia yake. Na mwaka huu, kama unavyojua, Sikukuu ya Kupashwa Habari ikaangukia Jumanne ya juma hilo hilo. Siku hiyo hakuna anayegusa udongo hapa, hata ndege hajengi kiota. Jumatano ni ya chokaa, Alhamisi na Ijumaa Kuu hakuna anayethubutu, Jumamosi ni ya kuoka. Halafu Pasaka yenyewe, na siku zake tatu. Nikahesabu nikaona nisipolisha Jumatatu ile, nitalisha vitunguu vilivyokwisha kufa.

Basi Jumatatu jioni, jua limeinama, nikatoka na ndoo. Nilivuta maji ndoo nne kutoka kisimani, bega likakatika kabisa. Ya tano sikuiweza. Ilarion akaita kutoka barazani, "Mama watoto, acha nikusaidie!" halafu akakohoa mpaka akakaa chini. Nikamwambia arudi ndani, nisije nikawa na wagonjwa wawili, yeye na kitunguu.

Nikafanya hesabu ya mtu aliyechoka. Nikasema udongo utajinywea wenyewe, mvua iko njiani. Zile ndoo nne nikazichanganya nusu kwa nusu na kilichokuwa pipani, kizito kama uji, ili mara moja itoshe mpaka Mei. Nikamwaga kwenye udongo mkavu, mstari baada ya mstari. Harufu ilinitoa machozi, nikadhani hiyo ndiyo nguvu yake.

Nilipomaliza mstari wa nane, kengele ya kanisa ikalia kuita watu kwenye sala ya mkesha. Sikukuu imeingia. Ndoo ilikuwa na nusu iliyobaki, Tecla, na ilitosha mistari yako yote miwili. Padre asingetoka kanisani kuja kunihesabia dakika tano. Lakini niliitazama mistari yako ilivyopinda, nikasikia moto hapa kifuani. Miaka tisa nimemwosha Mama, nimemgeuza, nimemlisha kwa kijiko, na wewe unamwosha mama wa watu. Ukaja siku moja baada ya kifo, ukaniuliza kwa nini kucha zake hazikukatwa. Nikasema kwa sauti, na waliosikia ni kuku tu, "Hii ya Tecla, Tecla aje ailishe mwenyewe." Nusu ile ya ndoo nikaimwaga kwenye shina la mti wa jozi. Nikaenda kanisani, nikawasha mshumaa, na nilijisikia vizuri. Hilo ndilo linaloniumiza zaidi.

Mvua haikuja. Kufikia Ijumaa Kuu mistari yangu minane ilikuwa imelala. Nikasema labda ni upepo. Jumapili ya Pasaka, wakati unaniuliza, nilikuwa nimesimama dirishani nalitazama tuta lote la njano, nami nakujibu kipo. Jumatano nikang'oa kimoja. Kichwa kilikuwa laini kama yai viza, na mizizi ilikuwa ya kahawia, imeungua. Nikang'oa cha pili, cha kumi, cha ishirini. Nilikaa chini pale pale kwenye udongo, na sikuwa na nguvu ya kulia.

Mitrofan akaja ukutani, kama kawaida yake. Akatazama, akanusa hewa, akavua kofia.

"Wee Parascovia, umevifanya nini hivi?"

"Nimevilisha, mzee."

"Umevilisha? Umevilewesha! Hata mimi, na koo langu hili unalolijua, siwezi kunywa kitu kikali namna hiyo bila maji."

"Mzee, leo usinitanie."

"Sikutanii, mwanangu. Na ile mistari miwili ya kombo pale, mbona imesimama? Ile uliinywesha nini?"

"Ile sikuipa kitu. Ya Tecla."

Akaichungulia tena ile mistari. Kisha akasema, "Basi mshukuru Mungu kwa ulichosahau," akavaa kofia yake akaenda. Sikumwambia kwamba sikusahau. Wewe ndiye wa kwanza kuambiwa.

Nimeihesabu mistari yako. Imesimama miche sitini na mmoja. Myembamba, ina njaa, majani kama ya nyasi, lakini ukivuta kidogo inavutana nawe. Nadhani ni kwa sababu ulipanda kina kirefu mno, nikakucheka, na kumbe kule chini ndiko unyevu ulikojificha. Mbegu yote ya Mama sasa ni hiyo. Katika mistari yangu minane nimepata miche minne tu ambayo sijaikatia tamaa, na hiyo nayo nadhani naitunza kwa ukaidi.

Juzi Jumanne, baada ya makaburini, niliilisha mistari yako. Maji kwanza, ndoo mbili, nimezivuta nusunusu mpaka jioni. Kisha kata moja kwa ndoo nzima, nikiipima kwa macho ya Mama. Kisha maji tena. Nilipiga magoti kwa kila mche. Nilipofika mche wa mwisho nilikuwa siwezi kusimama, Ilarion akaja na fimbo yake tukainuana kama walevi wawili. Leo asubuhi nimetazama, jani la katikati ni kijani. Usifurahi sana bado. Nitalisha tena katikati ya Mei, kidogo, na Juni nitaweka majivu tu, ili kichwa kijae. Nikikosea tena nitakuwa nimeimaliza.

Kwa hiyo Agosti usimngoje dereva wa basi la vifurushi na ule mkufu wa vitunguu uliosukwa. Mwaka huu hakuna kuusuka. Hatutakula hata punje moja, si wewe wala mimi. Nimemwambia Ilarion atakula ugali wake na jibini na chumvi, na anayetaka ukali aniulize mimi. Vyote sitini na kimoja, Mungu akitufikishia, vitarudi udongoni Oktoba.

Nami sitavipanda, Tecla. Nimekaa nalo hili juma zima na sijalibadilisha. Bega halipo, na hata lingekuwepo nisingevipanda. Uje wewe. Mwombe bibi Ornella majuma mawili, mwambie ni mwaka wa Mama, maana ni kweli, tutabadilisha msalaba. Usinunue viatu, usinunue kahawa, usilete ile mbolea yenu ya paketi. Lete mikono. Utachimba kina kirefu kama ulivyochimba, utapinda kama ulivyopinda, na mimi nitakaa kwenye kigoda na sitasema neno. Kuhusu zile kucha, nilizikata Ijumaa, na yeye alikufa Jumanne. Zilikuwa zimeota, basi. Nilitaka ujue, kwa sababu siku ile sikukujibu.

Ilarion anakusalimu na kukohoa. Mzee Mitrofan anakusalimu, anauliza kama wajane wa Kiitalia wanajua kupika. Binamu yetu Eufrosinia amepata mjukuu wa kike, wamemwita jina la Mama. Msalimie Grigore wa ng'ambo ya mto ukikutana naye Jumapili kanisani, mwambie paa la mama yake limezibwa.

Mungu akulinde ngazini kwa bibi yule, akulinde barabarani, akurudishe nyumbani ukiwa na meno yako yote. Unisamehe, ukiweza. Kama huwezi, uje hivyo hivyo na hasira zako, kazi ipo.

Ni mimi dada yako, ninayekupenda hata siku ninapokununia,

Parascovia

Ndani ya bahasha nimetia jani moja kutoka kwenye mstari wako wa pili. Najua jani la kitunguu kinachokua halikatwi, Mama angenipiga. Litafika limenyauka. Lisugue kwa vidole halafu unuse.