Sura ya Aliye Hai

Wakiuru, usinipigie, soma tu. Tumetoka mazishi Masii, na Urbanus wangu anaendesha gari kama mtu ambaye hayuko.

Unajua vile yeye hukata picha za mbao na kale kamsumeno kake ka umeme. Kasiva wa ofisini kwao alimwomba sura ya marehemu babake, akamtumia picha ya ndugu wawili. "Baba ni wa kushoto." Jumapili tatu Urbanus alikata, akapiga msasa, akapaka vanishi. Chini akakata tarehe ya kufa.

Leo ameifunua mbele ya watu wote. Mzee mmoja kiti cha mbele akainuka, akasema, "Huyo ni mimi."

Wakiuru. "Huyo ni mimi!" Urbanus alikuwa amekata wa kulia.

Akasimama tu na kitambaa mkononi.

Mzee akaipapasa ile pua ya mbao, polepole. "Umenipata vizuri, kijana. Lakini hiyo tarehe siitaki."

Saa hii mzee yuko hapa nyuma yetu, amejikumbatia, yule wa mbao. Tunaenda naye kwetu Mumbuni, kwenye msumeno, anasema halali mpaka tarehe ikatwe itoke.